Bluzi za Julai

Mwezi uliopita nilialikwa harusi ya Waqatari, upande wa wanawake, katika hoteli moja pale Al Sadd. Mlangoni alisimama msichana amebeba sanduku lililovalishwa mahameli. "Simu yako, dada," akasema. Ndiyo desturi yao: ndani wanawake wamevua maabaya, wamejipamba wakapambika, na hakuna anayetaka picha yake izunguke mjini kesho yake. Nikaitoa simu nikaiweka juu ya za wenzangu, na hapo hapo moyo ukaanza kunienda mbio. Magoti yakalegea. Wanawake nyuma yangu wakaanza kusonya. Nikamwomba yule msichana anirudishie simu, nikamwambia mtoto wangu anaumwa. Sina mtoto. Nikatoka, nikaenda kukaa ndani ya gari na zawadi ya bibi harusi mapajani.

Utaniuliza, simu na magoti wapi na wapi? Basi vuta kiti nikueleze. Jambo hili nimelikalia karibu miaka ishirini na sasa limenichosha.

Nilikulia Najma, ile Najma ya zamani kabla hawajaja kuchimba njia ya treni. Tulikuwa na vyumba viwili juu ya duka la Mhindi wa Kerala aliyeuza kila kitu, kuanzia sindano mpaka ndizi mbichi. Julai yake, usiombe. Tangi la maji lilikuwa darini, basi bomba la baridi lilitoa maji ya kuchemkia chai, na sisi watoto tulijua dawa yake: zima hita, fungua bomba la moto, hilo ndilo lenye maji yaliyopoa. AC yetu ilidondosha maji kwenye ndoo, na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuibeba ile ndoo Mama apate maji ya kupigia deki. Nikimwaga njiani, nilikiona cha mtema kuni. Ngazi zilinukia samaki wa kukaanga wa jirani zetu Wabengali, na mlango wetu ulinukia nazi, maana Mama alikuwa mtu wa Tanga na wali bila nazi aliuita chakula cha wagonjwa.

Baba alikuwa dereva wa familia moja iliyokaa kwenye jumba la ghorofa nyuma ya Al Sadd. Shangazi alifanya kazi za ndani kwenye jumba hilo hilo. Hakuwa dada yake Baba wa tumbo moja. Walitoka mji mmoja, Pangani, wakakutana jikoni kwa watu huku Doha, na hiyo ikatosha kuwa undugu. Alikuwa mwembamba, mrefu, mcheshi, na alikuwa na watoto wawili kwa mama yake aliowaacha wa kwanza ndio kwanza anaanza kukimbia, wa pili bado ananyonya. Sasa walikuwa wanasoma, na kila daftari walilolishika lilitoka kwenye mikono yake.

Jumba lile lilikuwa la Bwana na Madamu, lakini mwenye neno la mwisho alikuwa mama yake Madamu. Tulimwita Yumma kama walivyomwita wao, ndivyo wanavyosema mama huku Ghuba. Mkali! Alitembea na fimbo na macho yake yaliona vumbi lililo nyuma ya kabati. Lakini ni yeye aliyemkalia mkwewe kooni mpaka akakubali kuwa kafili wetu, yaani mdhamini wa viza za familia nzima. Madereva wangapi walikuwa na wake zao Doha? Walihesabika. Yumma alisema mtu hawezi kuendesha gari vizuri wakati roho yake iko nchi nyingine. Kwa hiyo viza ya Baba, ya Mama, yangu mimi, na ya Shangazi pia, zote zilining'inia kwenye msumari mmoja, na kila siku nilikumbushwa nisiutikise.

Sasa nije kwenye tamasha. Mtu mwenye akili zake hafanyi tamasha Doha mwezi wa Julai. Sisi tulifanya, na sababu ni moja tu: Julai mabosi wanasafiri. Wakishapanda ndege kwenda kwenye mvua zao za Ulaya, jiji linabaki la madereva, mayaya, wapishi na walinzi. Ijumaa ya mwisho ya mwezi, baada ya swala, tulijazana kwenye ukumbi wa shule moja pale Najma, na hapo usingejua nani anaosha vyoo vya nani. Mpishi wa hoteli alileta sufuria ya pilau iliyobebwa na watu wanne. Walinzi waliotoka zamu ya usiku walipanga viti huku wanasinzia. Mama na wenzake walikaanga kachori tangu Alhamisi, na kazi yangu ilikuwa kuchuja ukwaju mpaka vidole vikasinyaa.

Muziki wenyewe ulikuwa mchanganyiko. Baba alipiga gitaa la solo. Gitaa la besi lilipigwa na kijana wa Malindi, na ngoma Mganda mmoja aliyekuwa fundi wa lifti. Lakini watu walimfuata Shangazi. Alikuwa na sauti nzito, ya chini, yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa mstari, na aliimba maneno ya taarabu polepole sana, hadi mtu ukajikuta unamkumbuka mama yako aliye hai. Yule wa besi, aliyewahi kupigia watalii kwenye mahoteli, ndiye aliyesema: "Hizi ni bluzi kabisa, dada, zile nyimbo za huzuni za Wamarekani weusi, tofauti ni Kiswahili tu." Jina likakaa, Bluzi za Julai. Mama alipolisikia mara ya kwanza aliuliza mbona wanaume nao wanakwenda kununua blauzi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa nesi Mkenya, mama mnene, mwendo wa haraka, sauti ya kuamrisha. Yeye ndiye aliyeweka sheria ya kapu. Mwaka mmoja mtu asiye na haya alimpiga video binti mmoja akicheza, ikarushwa simu kwa simu, na kabla wiki haijaisha ilikuwa kwenye simu ya madamu wake. Yule binti alipandishwa ndege na nguo alizovaa. Tangu hapo hakuna simu iliyoingia ukumbini. Unafika mlangoni, unaizima sauti, unaiweka kwenye kapu la ukindu, na kapu linafunikwa kanga na kuwekwa chini ya meza ya mlinzi mmoja wa Kisukuma. Alichaguliwa yeye kwa sababu hachezewi. Mtu aliwahi kumwomba simu yake dakika moja tu, mke anajifungua, akasema, "Atajifungua hata usipopiga." Hakuna aliyechukua simu mpaka wimbo wa mwisho uishe.

Mwaka niliotimiza kumi na moja, Bwana, Madamu na watoto wakasafiri kama kawaida. Yumma akakataa. Alisema miguu inamuuma, na Ulaya wanampa chai ya mfuko. Akabaki. Akibaki Yumma, Shangazi anabaki, maana Yumma alikuwa na kisukari na Shangazi ndiye aliyemchoma sindano na kumpa chakula chake.

Jumatano kamati ikakutana sebuleni kwetu. Nakumbuka hakuna aliyegusa kachori. Bila Shangazi hakuna tamasha, kila mtu alilijua hilo, lakini Shangazi akikutwa ametoroka na kumwacha mama wa watu peke yake, kazi imekwisha, viza imekwisha, na watoto wa Pangani wamerudi nyumbani kutoka shule. Mama alisema waache. Baba akasema waache. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekataa.

"Mwaka mzima nasema naam, naam," alisema. "Siku moja tu nasimama mbele za watu nikiwa mimi. Mkininyima na hiyo, basi nizikeni."

Mwenyekiti akatafuta njia. Yumma hulala mchana, akishakula, mpaka adhana ya alasiri, saa tisa na kitu. Shangazi atolewe saa saba na nusu, apande jukwaani wa kwanza saa nane kamili, nyimbo tatu, Baba amrudishe. "Na huyu msichana si anaongea Kiarabu?" akasema, ananionyesha mimi kwa kidole. "Atakaa huko. Huyo nyanya akiamka, amwambie dada yuko bafu. Amalizane naye hivyo tu." Mimi nilisoma shule ya Kiarabu, tena kwa barua ya Yumma mwenyewe. Mama akanishika sikio akalivuta: bafuni, umesikia? Usiongeze neno.

Ijumaa ile jua lilikuwa kali hata usukani Baba aliushika kwa taulo. Nilipofika jumbani, Shangazi alikuwa ameshavaa gauni la kumetameta chini ya abaya, wanja amepaka. Sindano ameshampiga Yumma. Sahani ya wali na samaki ameiweka mezani. Yumma akasema iache hapo, nitakula. Kila siku Shangazi husimama pale mpaka tonge la mwisho. Siku ile hakusimama. Alinibusu kichwani, akashuka ngazi za nje amebeba viatu mkononi, na nikasikia geti.

Nilikaa kwenye zulia nje ya chumba alimojilaza Yumma. Nyumba ya watu ikiwa tupu ina sauti zake: friji linaguna, saa kubwa ya sebuleni inagonga, kitu kinalia ndani ya bomba. Nilitazama ile saa mpaka macho yakaniuma. Saa nane. Nikasema sasa anapanda jukwaani. Nikajipigia wimbo wake wa kwanza kichwani. Kumbe kule ukumbini spika moja ilikuwa imegoma na hakuna aliyeimba hata mstari.

Saa nane na robo nikasikia fimbo.

"Yuko wapi?" Yumma akauliza. Alisimama mlangoni bila shela, nywele zake nyeupe zimesukwa mkia mmoja. Sikuwahi kuziona nywele zake.

"Yuko bafuni, Yumma."

Akaingia sebuleni, akakaa. Nikampa maji. Akanywa, akanirudishia glasi. Ile sahani ya wali ilikuwa mezani pale pale, imefunikwa, na mimi wala sikuitia maanani. Mtoto anajua nini?

"Bado yuko bafuni?"

Hapo ndipo nilipoongeza neno. Ningesema naam, ningesema anafua, ningesema lolote. Lakini alinitazama kwa yale macho ya kuona nyuma ya kabati na ulimi ukajisemea wenyewe. "Anaumwa, Yumma. Kichwa na tumbo. Amekwenda kujilaza chumbani kwake." Njia ya mwongo ni fupi, nawe utaona yangu iliishia wapi.

Nilitegemea aseme sawa. Yumma akainuka. Hakurudi chumbani kwake, akashika njia ya jikoni. Nikamkimbilia nikamwambia kaa, nitafanya mimi, akaniambia nyamaza, wewe mtoto utajiunguza. Akachemsha maji. Akatafuta tangawizi, akaiponda kwa kitako cha kikombe, akatia na sukari ambayo yeye mwenyewe alikatazwa hata kuilamba. Mikono ilimtetemeka, nami nikadhani ni uzee. Nikamwambia chakula chako kinapoa. Akasema, "Nitakula akila yeye. Mtu hali na mgonjwa yuko juu."

Chumba cha Shangazi kilikuwa juu kabisa, karibu na dari, ngazi mbili ndefu ambazo Yumma hakuwa amezipanda miaka na miaka. Alipanda na fimbo mkono mmoja na chai mkono mwingine. Hakukubali nimpokee. Kila hatua tatu anasimama, anahema, anasema bismillah, anapanda. Nami nyuma yake, rafiki yangu, nakwambia kweli, niliomba aanguke. Siyo afe, hapana. Aanguke kidogo tu, asifike kwenye mlango ule. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeogopa, na nilipojisikia nikiwaza hivyo nikaanza kulia kimya kimya.

Alifika. Akabisha hodi, mama mwenye nyumba akabisha hodi kwenye chumba cha mtumishi wake. Kisha akafungua. Kitanda kimetandikwa. Gauni la kazi limetundikwa msumarini. Ukutani watoto wawili wa Pangani wamevaa sare za shule, wanacheka. AC ilikuwa imezimwa na chumba kilikuwa kinachoma.

Yumma akakaa kitandani polepole. Kikombe kikamponyoka, chai ikamwagika sakafuni. Nikainama kufuta kwa upindo wa gauni langu, na nilipoinua uso nikamwona anatoka jasho la ajabu, linatiririka mpaka shingoni, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Alisema neno, sikulielewa, halikuwa Kiarabu wala lugha yoyote. Nikadhani nimemuua kwa hasira. Wallahi hivyo ndivyo nilivyodhani, kwamba hasira ya kudanganywa imempasua moyo.

Nilishuka zile ngazi sijui vipi. Simu ya nyumba ilikuwa sebuleni. Nikapiga ya Baba. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga ya Mama. Ikaita. Ya Baba tena. Ya Mama. Namba nyingine sikuzijua kichwani. Nikapiga ya Baba. Kila ikiita nilikiona lile kapu chini ya meza, kanga juu yake, simu zote za watu niliowajua duniani zimelala humo kimya, na yule Msukuma amekunja mikono. Nikawa nalia kwenye simu kama vile kuna anayenisikia. Nikapiga tena.

Haya ya ukumbini nimeyapata kwa walioyaona. Spika ilikuwa imepona, Shangazi alikuwa ndio kwanza ameingia ubeti wa pili, watu wameinua mikono. Mlinzi akasikia kapu linanguruma miguuni. Akaliacha. Likanguruma tena, na tena. Akafunua kanga, akaona simu ya Baba inawaka, imeandikwa "Kazini". Kuipokea ilikuwa mwiko, na yeye sheria ni sheria. Basi akafanya lile ambalo halikukatazwa: akalibeba kapu zima kichwani, akapita nalo katikati ya ukumbi mpaka mbele ya jukwaa, akasimama. Shangazi akaliona kapu. Akakata wimbo katikati ya neno. Wanasema wapigaji waliendelea kidogo bila yeye, hawakujua la kufanya.

Aliyeipokea ni Mwenyekiti. "Wewe, acha kulia, sikiza," akaniambia. "Anatoa jasho? Anatetemeka? Alikula?" Ndipo nikaikumbuka ile sahani. "Hiyo ni sukari imeshuka. Uko na juisi hapo? Soda? Kimbia umpatie, kidogo kidogo. Akikunywa, utamwona akirudi. Kimbia sasa!"

Kulikuwa na juisi ya embe ya wajukuu zake. Nikapanda nayo. Nikamshika kichwa Yumma kama nilivyoona Mama akimshika mtoto wa jirani, nikamnywesha, nusu ikamwagika kifuani mwake. Nikawasha AC. Nikamnywesha tena. Nikaanza kusoma sura zote nilizozijua, na nilizozisahau nikazirudia za mwanzo. Baadaye macho yake yakatulia, yakanitafuta, yakanipata.

"Amekwenda wapi?" akauliza. Sauti ndogo, lakini yake.

Uongo ulikuwa umeniishia. "Amekwenda kuimba, Yumma."

"Kuimba?"

"Anaimba. Watu wanakuja kumsikiliza. Anaimba vizuri kuliko watu wote."

Akageuka akatazama gauni la kazi pale msumarini. "Miaka tisa yumo nyumbani kwangu," akasema.

Gari likaingia. Baba hakuweza kupanda, mwanamume hapandi huko, alibaki chini na nilimsikia akiita jina langu tu. Shangazi alipanda mbio, abaya imefunguka, gauni linametameta, wanja umemchirizika mashavuni. Alipomwona Yumma ameketi kwenye kitanda chake, alipiga magoti pale pale penye chai na akaishika miguu yake.

Kiarabu cha Shangazi kilikuwa cha jikoni: leta, peleka, moto, baridi. Kiarabu cha Yumma kilikuwa cha zamani, cha haraka, nusu ya meno hayapo. Siku zote wakiwa na jambo kubwa, mimi nilisimama katikati. Nikasimama.

Yumma akasema, "Mwambie nilipanda kumletea chai. Uliniambia anaumwa, nikaona nisimwache peke yake."

Leo kazi inayonilisha ni ukalimani. Nakaa hospitali kati ya daktari na mgonjwa na nalipwa nisiache hata neno moja. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na moja, na nikiyasema yale, Shangazi atajua mimi ndiye niliyempandisha yule mzee ngazi bila kula. Mama atajua. Niliambiwa bafuni. Nikamtazama Shangazi nikasema: "Anasema alipanda kuja kukuangalia chumbani."

Nilimwona alivyobadilika. Uso ukafunga kama dirisha. Akaelewa kwamba alipelelezwa, kwamba yule mama mkali alimwinda mpaka kwenye kitanda chake na amekaa juu yake kumsubiri. Yumma akamwekea mkono kichwani. Akasema neno moja ambalo hata Shangazi alilijua bila mimi.

"Imba."

Shangazi akadhani anadhihakiwa. Akainamisha kichwa. "Sauti imekauka, Yumma."

"Mwambie aniimbie alichokwenda kuwaimbia wao," Yumma akaniambia mimi, polepole safari hii. Hilo nililifasiri vizuri kabisa, neno kwa neno. Shangazi akatikisa kichwa, machozi yanamdondoka kwenye zile nakshi za gauni. Yumma akangoja. AC ilikuwa inavuma. Kisha akasema basi, nina njaa, akashuka tukimshikilia huku na huku, akala wali wake wa baridi.

Madamu aliporudi, Yumma hakumwambia kitu. Shangazi alingoja tiketi ya ndege wiki baada ya wiki. Kila Madamu akimwita alikuwa anakwenda amekufa ganzi. Tiketi haikuja, na kutokuja kwake kukamtisha zaidi: alisema Yumma ameiweka siri ile kama kisu kabatini, siku atakayoitaka ataitoa. Akawa hacheki tena mbele yake. Sindano anapiga, chakula anasimamia mpaka tonge la mwisho, naam, naam. Mara nyingi nilimwona Yumma akimtazama mgongo. Mimi nilikuwa pale, nimenyamaza.

Julai iliyofuata walimwomba aimbe, akakataa. Waliweka binti mwingine, mzuri tu, watu wakapiga makofi ya adabu. Mwaka uliofuata viti vilikuwa vingi kuliko watu. Baadaye yule wa besi akaenda Dubai, shule ikauza ukumbi, na nyumba yetu yenye duka la Mhindi ikavunjwa pamoja na mtaa mzima. Nimepita pale juzi juzi. Ni maegesho ya magari. Wafanyakazi wa siku hizi wana simu mbili mbili na wanajirekodi wenyewe wakiimba, wanajirusha dunia nzima ione, nami siwalaumu, ila sijasikia tena ukumbi uliojaa watu wasio na kitu mkononi isipokuwa mikono yao. Yumma alifariki baridi ya mwaka wa pili. Shangazi alimwosha pamoja na binti za marehemu, kisha akaomba ruhusa akarudi Pangani moja kwa moja. Anafuga kuku. Wajukuu zake hawajui kama aliwahi kuimba.

Asubuhi baada ya ile harusi nilimpigia. Tukasalimiana, tukaulizana afya, akanilalamikia bei ya pumba. Nikamwambia, "Shangazi, nina jambo. Siku ile Yumma alipanda kukuletea chai. Mimi nilimdanganya kwamba unaumwa, akakuchemshia kwa mikono yake, na tangawizi. Aliniambia nikwambie. Sikukwambia."

Nikasikia kuku wake wanatetea.

"Chai yangu mimi?"

"Yako."

"Na miguu ile, akapanda nayo mpaka juu?"

"Hakukubali nimpokee."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na ningeyapokea yote. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu, akiitoa.

"Mbona hukuniambia, mwanangu," akasema. "Ningemwimbia."